Mkwe Aliyefua Nepi

Rodrick alipanda hadi kijiji cha Mhezi, milimani, akiwa na ruhusa ya siku mbili tu kutoka kwenye machimbo ya jasi, Makanya. Mkewe Fortunata alikuwa amekwenda kujifungulia kwao, kwa kuwa huyu ndiye mtoto wao wa kwanza. Rodrick alitarajia kupakatishwa mwanawe, kulishwa, kupongezwa, kisha kuteremka zake.

Alimkuta mama mkwe wake, Eliakunda, ameketi barazani, mkono wa kulia umefungwa bandeji. Aliteleza akitoka kukata majani ya ng'ombe. Rodrick alimwamkia, mama akaitikia, "Marahaba, baba Elinaza," kisha wote wawili wakatazama migomba. Tangu ndoa hawakuwahi kuzungumza zaidi ya salamu.

Chumbani Fortunata alisema yuko salama, akageukia ukutani. Rodrick akaona mabega yanatikisika. Akakaa ukingoni mwa kitanda akasubiri. Hatimaye mkewe alianza kueleza, polepole: usingizi hapati, matiti yanauma, mama anachota maji kwa mkono mmoja kwa ajili yake. Na mara nyingine mtoto akilia, hahisi chochote.

"Usimwambie mama," alisema. "Ataona simpendi mwanangu."

"Mimi naona umechoka," Rodrick akamjibu. "Lala. Mtoto niachie."

Akatoka na mtoto, Elinaza, akamweka kwenye mkono mzima wa bibi yake, kisha akachuchumaa uani mbele ya beseni la nepi. Eliakunda alimsihi aache. Majirani wakipita watasema amemfanya mkwe mtumishi. Rodrick akamwambia, kwa heshima, kwamba wakiuliza awajibu amemkataza akakaidi.

Mama akamtazama anavyosugua.

"Hizo zenye choo anza na maji baridi," alisema mwishowe. "Ya moto yanagandisha madoa."

Mchana alimwelekeza kupika uji, yeye akiwa mlangoni mwa jiko. Ulitoka na madonge, lakini Fortunata alipoamka aliumaliza. Rodrick akampigia simu msimamizi wake, akaomba wiki nzima. Alipewa, kwa manung'uniko.

Kesho yake alimshawishi mkewe waende zahanati. Nesi alimsikiliza bila haraka, akasema hali hiyo huwapata wazazi wengi, akampangia siku ya kurudi. Walipofika nyumbani, Eliakunda aliwauliza walichoambiwa. Rodrick alimwangalia mkewe, akamwachia yeye ajibu. Fortunata alisita, kisha akasema yote.

Eliakunda alimgeukia.

"Nilipokuzaa wewe," alimwambia binti yake, "nilikuwa nalia nyuma ya zizi. Baba yako alikuwa kwenye mashamba ya mkonge, hakuna niliyemwambia. Nikadhani ni mimi peke yangu duniani."

Fortunata akasogea, akalaza kichwa mapajani pa mama yake. Rodrick aliona afadhali awapishe. Akamchukua Elinaza, akatoka kumwonyesha ng'ombe.

Wiki ilipokwisha, Fortunata hakuwa amepona kabisa. Asubuhi zilikuwa bado nzito kwake. Lakini alimsindikiza mumewe hadi barabarani, mtoto kifuani, wakizungumza habari za mvua na za nyumba yao bondeni. Eliakunda aliwafuata nyuma kidogo. Gari lilipokuja alimwambia Rodrick ajitahidi kurudi mwisho wa wiki, na safari hii atamfundisha kumwogesha mtoto.