Pakiti ya Njano

Huku wilayani kwetu Yunlin hakuna mashine inayowashwa bila pakiti ya kijani ya vitafunwa juu yake. Ikiwa ya kijani, mashine inatulia. Ya njano, inagoma. Hata mainjinia hawabishi; mimi niliyesoma kwa vipandevipande nibishe kwa lipi?

Shamba letu linafuga mwani, ule mdogo usioonekana kwa jicho mpaka ujazane majini. Ijumaa wanunuzi, watu wa chakula cha samaki, wangekuja kupima mafuta yake. Yasipofika robo ya uzito, dada Su-chin, mtaalamu wetu, afungashe virago. Bosi Kuo alishamwambia hivyo mbele yetu.

Basi Su-chin akaunyima mwani mbolea. Kufika Jumatatu matangi yote manne yalikuwa ya njano.

Bosi akashika kichwa. "We Su-chin! Umeniulia mwani? Njano, wiki ya wageni!"

"Haujafa, Bosi. Ukishiba urea unazaana tu. Ukinyimwa, unaacha kuzaana, unaweka akiba ya mafuta."

"Mwenye njaa ananenepa? Mimi nimeshiba miaka hamsini, tazama!" Akalipiga tumbo, likaitika. "Mjomba, lete urea!"

Nikaleta. Ningefanyaje? Matangi matatu yakalishwa, mifuko ikaisha. La nne bosi akalionea haya, akalificha nyuma ya bango la kukaribisha wageni.

Ijumaa yale matatu yalikuwa kijani cha kutamanisha. Mama Teng, mkuu wa wageni, akapima. Kumi na moja kwa mia. Kumi. Tisa. Bosi akamtazama Su-chin, kisha akautazama mlango.

"Na nyuma ya bango kuna nini?" akauliza Mama Teng.

"Choo," akajibu bosi.

Su-chin akalivuta bango. Mama Teng akapima tangi la njano. Thelathini na nane.

"Njaa!" bosi akadakia. "Siri yangu hiyo, mama! Yale mengine nimeyalisha makusudi, muone tofauti."

Mkataba ukatiwa sahihi. Su-chin akabaki na kazi, sifa zikaenda na tumbo. Jumatatu bosi akatangaza kwamba chakula chetu cha mchana kimefutwa, kwani njaa huleta mavuno.

Jumanne, joto la Agosti likiwaka, kiyoyozi cha ofisi yake kikazima. Fundi akapanda ngazi, akashuka mbio. Juu ya kiyoyozi kulikuwa na pakiti ya njano.

"Mimi hiyo siigusi," akasema.

"Nani kaiweka?" bosi akafoka, shati limemganda mgongoni.

"Sijui, Bosi," akasema Su-chin. "Lakini kiache. Kikinyimwa, kitaleta mavuno."

Hakuna aliyekubali kuiondoa mpaka saa sita, wali wetu uliporudi, na kipande cha nguruwe juu.