Mguu Uliotaka Kuvuka Mpaka

Anayeswali amelala chali huelekeza miguu Kibla. Kwa siku nane homa ilimnyima Mahamudi hata hilo. Siku ya tisa mkewe Alima alikisukuma kitanda mwenyewe mpaka kikakaa sawa, vyuma vikikwaruza sakafu na wodi nzima ya wanaume ikimtazama kama mtu aliyerukwa na akili. Mahamudi, dereva wa lori la kwenda Bunagana, mpakani mwa Kongo na Uganda, alikuwa amevunjika muundi wa mguu wa kulia. Misumari minne ilizama mfupani na kutokeza nje ya ngozi, nayo ilishikwa na fito za chuma.

"Unaona?" Mahamudi alisema baada ya kutoa salamu ya kumaliza swala. "Mguu mumoja unaangalia Makka. Mwingine unataka kuvuka mupaka, uende Gisenyi, kule Rwanda."

Alicheka. Alima hakucheka hata kidogo. Kila asubuhi kabla ya daktari kupita, nesi Valentin aliuegemeza mguu ule kwa mfuko wa mchanga, kidole gumba kikatazama dari, kisha blanketi likafunika mengine yote. Leo Alima alikuwa ameuondoa mfuko kwa ajili ya swala, na unyayo ulioangukia nje ulimtia hofu. Mguu wa kulia ndio wa breki. Dereva anayekanyaga breki na mafuta kwa pamoja hana kazi tena, na pengine hana maisha.

Docta Léopold aliingia kalamu mkononi. Valentin alipoinama kuurudisha mfuko, Alima aliukalia.

"Mama Asma, tafazali, simama," Valentin alimsihi, akimwita kwa jina la binti yake. "Docta iko na haraka."

"Hata mimi. Docta, angalia goti yake."

"Ni uvimbe, mama," daktari alijibu. "Picha iko muzuri."

"Picha inaonyesha mufupa. Inaonyesha mguu unaangalia wapi?"

Alima alimwona daktari akikaza taya, akajua amepita kiasi. Daktari akiudhika, anayeumia ni mgonjwa. Lakini Léopold alifunua blanketi. Alilishika goti mpaka pia yake ikatazama juu sawasawa, na unyayo, usio na kitu cha kuuzuia, ukaanguka nje. Akapima mguu wa kushoto, ule usioumia, akarudia ule wa vyuma.

"Valentin, huu mufuko munaweka tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, docta. Ili mguu ukae muzuri."

"Na goti?"

"Goti ilikuwa chini ya blanketi."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mfuko ulisimamisha unyayo, goti likageukia ndani, na watu wote na akili zao walikuwa wakitazama unyayo.

"Wiki mbili tena mufupa ungeshika hivi, tungevunja upya," daktari alisema. "Leo bado unakubali. Lakini nikizungusha, damu inaweza kukataa kupita. Papa, unasema nini?"

Mahamudi alizitazama nati za zile fito kama fundi anayechagua spana. "Unafungua na kle ya ngapi?"

"Ya onze," daktari alisema, akiinua spana namba kumi na moja.

"Hiyo naijua. Fungua."

Walimdunga sindano ya maumivu, isiyotosha. Alima alimbana mabega. Nati zililegea, na daktari akauzungusha unyayo kuelekea ndani polepole, macho hayabanduki kwenye goti. Mahamudi aling'ata blanketi, kisha akaliachia na kupiga ukelele. Vidole vya mguu vikageuka vyeupe.

Daktari aliweka kidole juu ya unyayo, akitafuta mpigo.

"Unapiga?" Alima aliuliza.

"Bado."

Alima alimchukia daktari yule, na akajichukia zaidi, kwa sababu yeye ndiye aliyeng'ang'ania. Mguu uliopinda bado ni mguu. Kama ukikatwa, atamwambia nini mumewe?

Daktari aliurudisha nyuma kidogo mno, kiasi cha upana wa ukucha. Akangoja.

"Unapiga," alisema. "Cheza vidole, papa."

Kidole gumba kilitikisika. Léopold alikaza nati moja baada ya nyingine.

"Mama Asma, kosa ni yangu. Ningeangalia goti tangu mwanzo."

Alima alikuwa amemwekea maneno makali, na alikuwa na haki nayo. Yalikuja machozi tu.

Daktari alifuta jasho, akageukia kitanda cha pili, cha mgonjwa mwingine aliyeegemezwa mguu kwa mfuko wa mchanga.

"Papa Laurent, tufunue blanketi."

Lakini Laurent alikuwa ameshalifunua mwenyewe, ameinua kichwa, anautazama mguu wake.