Namba za Kadi Zilizokufa

Mashine ya sita ilikataa kuwaka. Khaemba alikuwa amepiga magoti chini ya meza, harufu ya omena, dagaa wa ziwani, puani. Aliing'oa kadi ya mtandao, akaisugua meno yake ya shaba kwa kifutio, akairudisha. Ikakataa tena. Kadi mpya nane zilifungwa jana, na zote nane zimekataa.

Ulikuwa mwaka 1994. Mashine za mizani za ushirika wa samaki pale Otonglo hazikuwa na diski ndani. Kila asubuhi ziliwaka kwa kuvuta programu kutoka kompyuta kubwa ya ofisini, kupitia waya na kadi hiyo. Draiva, ile programu ndogo inayoiongoza kadi, Khaemba aliiandika mwenyewe na kuitunza miaka mitano, bado kibarua. Heshima pekee aliyopata ni mstari uliokaa juu ya kila kioo cha mashine: Mtunzaji, E. Khaemba.

Aliifungua draiva, akaona kilichozikataa. Mwezi wa kwanza alikuwa ametoa kadi nane mbovu zilizokuwa zikigandisha mashine zote, akazipeleka stoo. Kila kadi hutoka kiwandani na namba yake, haifanani na nyingine. Alikuwa ameziandika namba hizo ndani ya draiva ili kadi hizo zisipokelewe tena. Sasa alisoma namba za kadi mpya, moja moja. Zilikuwa zilezile: ushirika ulikuwa umeuziwa tena kadi zake mbovu kama mpya.

Alimwambia Dorca, karani wa mizani. Dorca alitazama mlango kwanza.

"Enos, wewe ni mtu wa Bungoma. Hapa huna ndugu. Nyamaza tu."

Hakunyamaza. Alimwendea meneja, Bwana Adero, akamweleza. Adero alifunga mlango, akauliza nani mwingine anajua. Khaemba akasema hakuna, akaona kwamba hakuaminiwa.

"Na hizo mbovu zilitoka stoo namna gani?"

"Sijui, mkubwa."

Adero alitoa fomu ya stoo kwenye droo. Chini yake kulikuwa na saini ya Khaemba. Aliikumbuka siku hiyo: Adero ndani ya gari, injini ikinguruma, fomu tupu, weka saini tu tutajaza baadaye. Ofisi nzima ilitia saini hivyo. Sasa juu ya saini mtu alikuwa ameandika: kadi nane mbovu, amechukua fundi.

"Polisi wakisoma hii watamtafuta nani?" Adero aliuliza kwa upole. "Ondoa hizo namba kwa draiva. Kina mama wanangoja na samaki tangu alfajiri."

Khaemba alirudi kwenye kompyuta kubwa, akaufuta mstari wenye namba nane. Mashine zikawaka zote kumi na mbili. Mama mmoja kwenye foleni akamtania kwamba leo fundi ameamka vizuri.

Saa nne mashine ya tatu ikaganda. Kisha ya saba. Kisha zote. Nje samaki aina ya ngege walilala juani bila kupimwa, kina mama wakilowesha magunia na kuwafunika, nzi wakitua palepale.

Adero aliingia na askari wawili. Hakumtazama Khaemba. Aliwapeleka hadi kwenye kioo cha karibu.

"Someni wenyewe. Nani anazitunza?"

Askari mmoja alisoma polepole, midomo ikicheza. Akaenda mashine ya pili, kisha ya tatu, kama mtu anayehakikisha. Dorca aliinamia kitabu chake kitupu.

Kina mama walikuwa wamejaa mlangoni, wakiuliza nani amewaozeshea samaki. Vioo kumi na viwili viliwatazama, jina moja juu ya kila kimoja.