Kamati ya Kompyuta ya Naomi

Ukoo wetu haujui kumpa mtu pesa mkononi. Unajua kuunda kamati. Nilipomwambia baba mkubwa Kornelio kwamba nahitaji kompyuta ya gemu, Jumapili iliyofuata ndugu kumi na wanne walikuwa wameketi sebuleni kwake Kilosa, yeye mwalimu mstaafu akiwa mwenyekiti, na katibu ana daftari. Ikaamuliwa kama tunavyofanya kwenye harusi: huyu keki, yule vinywaji, yule turubai. Kila mtu anunue kifaa chake, akilete mwenyewe, kionekane.

Sikuwaambia kompyuta inakwenda wapi. Rafiki yangu Upendo ana timu ya wacheza gemu Dar es Salaam, watu watano wanaoshindania zawadi na kuishi kwa kazi hiyo, na mmoja wao alikuwa ameondoka. Nafasi ilikuwa yangu kwa sharti moja: niende na kompyuta yenye nguvu kabla mwezi haujaisha. Nina miaka ishirini na mitatu, na mitano kati ya hiyo nimeimalizia Mikumi nikitoa kopi kwenye duka la shangazi Katarina, mdogo wake baba mkubwa. Shangazi nampenda. Duka nilikuwa nalichukia hadi harufu ya wino wake. Lakini ningetaja Dar kwenye kikao kile, hata waya nisingepata. Kwa hiyo nikanyamaza, nikawapa orodha.

Orodha ile ilinitoa jasho. Niliwaeleza kwamba vifaa vya kompyuta havinunuliwi kila kimoja kivyake. Prosesa, ubongo wa kompyuta, lazima ikubaliane na mazabodi, ule ubao unaoshikilia vifaa vyote. Kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, lazima ienee ndani ya kasha. Na pawa, kile kisanduku kinachogawa umeme, lazima iimudu kadi. Wote wakaitikia kwa vichwa, kisha wakaenda kununua kwa kuangalia heshima zao. Makasha yalikuja mawili, yote yanawaka taa, kwa sababu kasha linaonekana. Pawa haikununuliwa na mtu, maana nani asimame mbele ya ukoo akabidhi kisanduku cheusi kitakachofichwa ndani? Nikainunua mimi, ya wati mia tano hamsini, ndiyo niliyoiweza. Shangazi alichukua prosesa. Nilimshauri achague ile nafuu isiyoweza kutoa picha yenyewe, kwa kuwa kadi ingekuwepo.

Kadi ilikuwa ya mwenyekiti, na tulikwenda naye Morogoro kuichagua. Muuzaji akatuwekea mbili mezani. Moja fupi, mpya, feni mbili, kumbukumbu ya gigabaiti nane. Nyingine ndefu, feni tatu, imeshatumika sana. Baba mkubwa akainyanyua ile ndefu, akaipima kwa mkono.

"Hii ndiyo kadi ya mwenyekiti."

"Baba mkubwa, hiyo ni ya zamani. Inakula umeme mwingi, pawa yangu itazima katikati ya mchezo. Na kwenye kasha haiingii."

"Si tunalo kasha lingine?"

"Hata hilo haiingii."

"Watu watasema Kornelio katoa kidude."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Muuzaji ndiye aliyeniokoa, alipotaja bei na ile fupi ikawa ndiyo ghali. Baba mkubwa akairudisha ndefu mezani taratibu. "Kumbe," akasema, akaomba risiti iandikwe kwa herufi kubwa.

Siku ya makabidhiano walikuja Mikumi, dukani. Nilikuwa nimeshafunga vifaa vyote ndani ya kasha. Nikawasha, gemu ikakimbia laini bila kukwama hata mara moja, na kwa dakika chache nilikuwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi. Tukasali. Shangazi akakata utepe. Kisha mwenyekiti akasimama na kutangaza azimio ambalo mimi sikuwa nimelisikia: kompyuta itakaa hapahapa, pawe na chumba cha gemu cha ukoo, na msimamizi ni Naomi.

"Kwa muda gani, baba mkubwa?"

"Muda gani tena, mwanangu? Sisi tumekuchangia ili utulie."

Wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Kila kifaa mle ndani kilikuwa na jina la mtu, na kila mtu alijua ninapolala. Nikatoka nje kujifanya naleta soda. Nilijiona nimejijengea boma, miti nimeichagua mwenyewe, na mlango nimesahau kuuweka.

Jumatano Upendo akapiga simu. "Bibie, mwisho kesho kutwa. Njoo hata na kadi tu, vingine tutaazima huku."

Alhamisi asubuhi, shangazi akiwa sokoni, nilizima umeme nikafungua kasha. Nikachomoa waya, nikalegeza skrubu mbili, kadi ikatoka. Nilijua ninachokifanya. Kwa prosesa niliyomchagulia shangazi, bila kadi kioo kitabaki cheusi, na mchango wa ukoo mzima utabaki kuwa sanduku la taa. Nilikuwa naizungushia kadi kanga shangazi alipoingia.

"Shikamoo, shangazi," nikasema, kama mjinga. Tulikuwa tumeshasalimiana alfajiri.

Hakuitikia marahaba. Akatazama kasha lililo wazi, akatazama begi langu.

"Unakwenda Dar?"

"Ndiyo, shangazi."

Shangazi ni kiongozi wa akina mama kanisani. Sijawahi kumsikia akisema uongo, hata ule mdogo wa kumkwepa mgeni.

"Mimi walinichangia cherehani," akasema. "Nilikuwa nimeitwa chuo cha uuguzi, Dodoma. Wakasema nishone hapahapa, nisihangaike." Akanifungia zipu ya begi. "Nenda. Nitawaambia kadi imeungua."

Basi la kutoka Mbeya lilikuwa linaingia stendi nilipofungua simu. Shangazi alikuwa ameshaandika kwenye kundi la familia: umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, kadi ikaungua, Naomi hana kosa. Nikashusha pumzi. Haikupita hata dakika tano, mwenyekiti akajibu. Poleni sana. Kamati inafufuliwa leo hii. Kadi nyingine itafika Jumamosi, na Naomi asisafiri popote kwa kuwa yeye ndiye fundi. Kisha ikafuata orodha ya wachangiaji. Wa kwanza alikuwa Katarina, na mbele ya jina lake baba mkubwa alikuwa amemwandikia nusu ya bei ya kadi, kwa sababu imeungulia dukani kwake.

Chini yake shangazi alijibu, "Sawa, kaka."

"Dada, Dar? Panda, tunaondoka," akasema kondakta.

Mlango ulikuwa wazi na kiti kilikuwepo. Nasema hivi ili mtu asije akadai nilizuiwa. Ningeweza kupanda, na mwanamke ambaye hajawahi kudanganya angelipia nusu ya kitu kilichokuwa kizima ndani ya begi langu, na angelipa bila kusema neno. Nilisimama pale na hasira ya kuweza kuvunja kitu. Basi likaondoka.

Nilimkuta shangazi amekaa nyuma ya kaunta, simu ameifunika kifudifudi. Nikaweka kadi mbele yake.

"Nitawaambia haikuungua," nikasema. "Nitasema ilikuwa imelegea tu, nimeikaza."

Aliitazama kadi bila kuigusa. Machozi yalimtoka, na hayakuwa ya furaha.

"Basi nimedanganya bure," akasema, akainuka kwenda kuwasha mashine ya kopi.