Dada wa Pembeni mwa Cherehani

Mama alikuwa fundi wa nguo, na pembeni mwa cherehani yake lilisimama sanamu la kujaribishia nguo, halina kichwa wala mikono. Alilifunga vitambaa hadi likapata umbo la bintiye, kisha akamtania kwamba huyo ni dada yake. Nyumba nzima ilicheka. Binti naye alicheka, wakati ule.

Halafu shuleni wakamwita Kibonge. Waliompa jina hilo nao walikuwa wakinenepa na kurefuka ovyo ovyo, kila mmoja kwa wakati wake, lakini watoto wana adabu gani? Neno likamganda kooni, chakula kikakosa njia. Cha mchana alikigawa. Cha jioni alijifanya ameshakula kwa rafiki.

Akakonda. Hedhi ikakoma, nywele zikabaki kwenye kitana, akawa anatetemeka hata juani. Dada yake wa vitambaa akazidi kunawiri. Vitambaa vya kiunoni vilikaza, na siku moja binti alipomgusa kifuani alikuta pana joto. Aliondoa mkono mbio, asimwambie mtu.

Jumamosi mchana mama alikuwa ameinamia gauni la bibi harusi, pini zimejaa mdomoni. Binti alipita nyuma yake, kizunguzungu kikamshika, akasimama kujiegemeza kwenye sanamu. Mama, bila kugeuka, alipeleka mkono nyuma kama afanyavyo miaka yote, akachomeka pini kwenye bega alilodhani ni la dada. Akachomeka ya pili. Na ya tatu.

Binti alitazama bega lake. Pini zilikuwa zimezama nusu, na hapakuwa na damu wala maumivu. Nyuma yake kitu kikashusha pumzi.

"Mama," aliita.

Mama aligeuka, pini zikamwagika sakafuni.

"Mungu wangu! Mbona hukupiga kelele?"

"Sikusikia kitu."

Mama alizichomoa, akamkumbatia. Vidole vya fundi vikapima vyenyewe: mbavu, mgongo, mbavu tena.

"Nimekuwa nikimpima huyo," alisema. "Wewe sijakushika tangu lini?"

"Wananiita Kibonge, mama."

"Wakome! Una miaka kumi na minne, mwanangu. Mwili wako unajenga mtu mzima, sasa ukiunyima chakula utajengea nini? Mbona nguo zako zote nakuachia upindo mpana? Si ili unenepe, urefuke, nami nifumue! Leo hii tunakwenda kwa daktari. Ila kwanza utakula."

Alimletea bakuli, akakaa naye. Tonge la kwanza lilipita kwa shida, la pili likapita afadhali. Ndipo bega likaanza kuwaka, na matone matatu mekundu yakajitokeza kwenye blauzi.

"Mama, inauma," alisema, na wote wawili wakalia kwa furaha.

Kule pembeni, vitambaa vya kiunoni mwa dada vilikuwa vimeanza kulegea.