Mpaka Mkaguzi Afike

Upepo ulichukua paa langu siku ya Jumatano mchana, nikiwa mezani nakula viazi nilivyochemsha mwenyewe bila chumvi, maana nilisahau kuitia. Mabati ya chumba cha nyuma yaling'oka yote pamoja na kenchi, na ya mbele karibu yote, yakaenda kulala kwenye kahawa ya jirani yangu Rogasian. Nilivuta meza mpaka kona ya sebule ambako mabati yalikuwa bado yameshika, nikamaliza viazi vyangu. Hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Mke wangu Beata alikuwa amefariki mwaka mmoja na miezi miwili kabla ya siku hiyo. Chumba hicho cha nyuma ndicho tulichoanza nacho tulipohamia hapa Namswea, yeye akikanyaga udongo na mimi nikifyatua matofali. Yalikuwa matofali mabichi, kwa sababu kuni za kuchomea hatukuwa nazo. Baadaye tuliongeza sebule na vyumba viwili vya matofali ya kuchoma, lakini Beata alikataa tuhame kile cha zamani. Alisema kina joto. Alifia humo humo, na mimi niliendelea kulala humo, upande wangu uleule wa kitanda. Nyumba nzima ingeondoka nisingelia, mradi chumba hicho kibaki.

Kesho yake asubuhi watu walikuja. Mbele alikuwa Scolastika, rafiki wa Beata tangu wakiwa wasichana kwenye kwaya ya parokia, na nyuma yake watu kama ishirini wamebeba miti, kamba, nyasi na turubai kubwa la kuanikia kahawa. Huku kwetu tunaita ngokela. Mtu akizidiwa na kazi, majirani wanajikusanya, wanaimaliza kwa siku moja, wanakula, wanakwenda zao. Wiki ijayo ni zamu ya mwingine. Beata hakukosa ngokela hata moja. Mimi sikuwahi kwenda. Nilikuwa karani wa ofisi mjini Mbinga kwa miaka thelathini na mmoja, na hata nilipostaafu niliendelea kumtuma yeye, huku mimi nikibaki kibarazani na gazeti la wiki iliyopita.

Niliwapokea mlangoni nimevaa miwani, mkataba wa bima mkononi. Mwanangu Steven, anayefanya kazi Mwanza, alikatia nyumba bima wiki moja baada ya mazishi ya mama yake. Yeye mwenyewe kuja kulikuwa kugumu, ikaja bima. Mkataba nilikuwa nimeusoma kalamu mkononi, kama nilivyozoea ofisini, na nilipiga mstari chini ya maneno haya: mwenye mali asibadilishe wala kuondoa chochote kilichoharibika mpaka mkaguzi afike. Niliwasomea mara mbili, nimesimama kwenye tope.

Scolastika aliuliza kama wanaweza basi kufunga turubai tu, mvua isiingie. Nikamwambia turubai nalo ni kubadilisha. Akasema kuta zile ni mbichi. Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya sheria, si maharage ambayo kila mwanamke anapika atakavyo. Niliyasema hayo mbele ya watu waliotoka makwao alfajiri na mizigo kichwani. Nayaandika yalivyokuwa, nisije nikajipendelea.

"Sawa, shemeji," alisema Scolastika. "Wewe ndiye uliyesoma."

Wakageuza. Rogasian alibaki nyuma akiokota bati moja kwenye miche yake, nami nikampigia kelele aliache, kwamba ni kielelezo. Akalilaza taratibu palepale juu ya kahawa yake mwenyewe.

Nilipiga simu ofisi ya bima kule Songea. Sauti ya kijana ilinipa pole, ikaandika taarifa, ikaniambia mkaguzi atachelewa kwa kuwa barabara imekatika. Nikasema nitasubiri. Kusubiri nakujua, ndiyo kazi niliyofundishwa. Mvua ilinyesha kila mchana, na mimi nilikaa sebuleni chini ya mabati yaliyobaki, nikiisikia inavyoingia chumbani kwetu. Hakuna aliyekuja tena. Sitasema walinichukia. Nilikuwa nimewaambia wasiguse, na hawakugusa. Jumapili baada ya misa walinisalimu vizuri, wakauliza kama mkaguzi ameshafika, nikasema bado, wakasema pole, kisha wakaondoka kwa makundi yao, na mimi nikashika njia peke yangu.

Steven naye alipiga simu kila Jumapili. Aliuliza bima wamefikia wapi. Hakuuliza nalala wapi, na mimi sikumwambia kwamba nimetandika mkeka chini ya meza. Nikila, nilikuwa nazungumza na Beata kwa sauti. Nilimwambia wenzake hawaelewi karatasi. Mara nyingine nilimgombeza, kwamba ameniacha na watu ambao yeye ndiye aliyewajua.

Siku ya kumi na moja ukuta wa magharibi ulianza kuvimba chini. Niliutazama, nikausoma tena mstari wangu, nikaacha. Siku ya kumi na nne, saa tano asubuhi, ulianguka. Haukupiga kelele; ulikaa chini tu, ukauvuta na wa pembeni, na kitanda chetu kikawa chini ya udongo. Nilisimama pale na mwavuli nikalia. Tangu mazishi nilikuwa sijalia.

Mkaguzi alifika siku ya kumi na tisa, kwa bodaboda, matope mpaka magotini. Alikuwa binti mdogo aitwaye Glorious. Alinipa shikamoo, nikamwitikia, nikamkabidhi jalada nililolipanga vizuri, kila karatasi na tarehe yake. Nilikuwa nimenyoosha shati kwa ajili yake. Alipiga picha paa, sakafu, mabati kule kwenye kahawa, halafu akauliza ukuta ulianguka lini. Nilipomtajia siku, alishusha simu.

"Baba, baada ya upepo mlifunika na nini?"

Nilimwambia sikufunika, na nikamwonyesha mstari wangu. Aliusoma, akafunua ukurasa unaofuata, akaweka kidole kwenye fungu ambalo mimi sikulipigia mstari. Lilisema mwenye mali anapaswa kuchukua kila hatua iliyo ndani ya uwezo wake kuzuia hasara isiongezeke. Kisha akanieleza polepole, kama anayezungumza na mgonjwa. Siku ya tukio mtu anapiga picha za kila kitu, hata kwa simu yake, anatoa taarifa, halafu anafunika haraka kwa chochote alicho nacho. Vilivyoharibika anaviweka pembeni vionekane, asivitupe, na matengenezo ya kudumu ndiyo yanayosubiri mkaguzi. Turubai lingetosha kabisa. Paa nitalipwa. Ukuta haukuangushwa na upepo, uliangushwa na mvua ya majuma mawili niliyoiachia mlango wazi. Aliongeza kwamba nina haki ya kulalamika kwa maandishi, kwao kwanza, na nisiporidhika kwa msuluhishi wa migogoro ya bima. Nimewaandikia watu malalamiko maisha yangu yote. Hili langu sikuona nimwandikie nani.

"Majirani hawakuwepo, baba?"

"Walikuja," nikasema. "Niliwafukuza."

Alinipa fomu ya mwisho, akaniambia jirani mmoja asaini kwamba paa lilikuwa zima kabla ya upepo, kisha niitume kwa basi.

Kesho yake nilikwenda kwa Scolastika. Nikaambiwa yuko shambani kwa Rogasian, kwenye ngokela. Niliwakuta mlimani wanachimba ngolo, yale mashimo ya kilimo chetu yanayozuia udongo usichukuliwe na mvua. Wanaume walikuwa wamekwisha kulaza nyasi kwa miraba, na wanawake, wamejipanga safu moja, walikuwa wanachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi, hatua kwa hatua kupanda juu. Katikati ya safu, kati ya Scolastika na mwanamke mwingine, Veneranda, palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Nilidhani kuna aliyekwenda kunywa maji.

Scolastika alifuta mikono kwenye kanga, akasaini, akanirudishia karatasi yenye alama za vidole vya udongo. Habari za ukuta alikuwa nazo, nilimwona usoni, lakini hakuzitaja. Ningeweza kuondoka. Nilikuwa nimepata nilichofuata. Lakini ile nafasi ilikuwa bado wazi, na wote walikuwa wamesimama wananisubiri, basi nikauliza ni ya nani.

"Ya Beata," alisema. "Tunairuka. Tukifika juu tunarudi kuimaliza sote."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu tulipomzika, kila shamba.

Nilikunja fomu, nikaitia mfukoni, nikavua viatu. Jembe la akiba lilikuwa pembeni. Wanaume waliokuwa wamekaa chini walianza kucheka, maana kufukia ngolo ni kazi ya wanawake, na mmoja akauliza kwa sauti kama mkaguzi ameniruhusu kugusa udongo. Nilisimama kwenye ile nafasi, nikaanza.

Nilichimba vibaya. Nyasi zangu zilibaki zinachungulia, na Scolastika akawa ananyoosha jembe lake kila mara kuzifunika, kisha anarudi kwenye mstari wake. Sikuweza kumtazama. Miaka yote ile nilikuwa namtuma Beata hapa, nikidhani yeye ndiye anayekwenda kazini na mimi ndiye niliyebaki nyumbani.