Mapigo Saba ya Mwinchande

Wanaoota usiku tuwaachie usiku wao. Mwinchande anaota mchana kweupe, siku ya Ijumaa, tumbo limejaa wali na papa mkavu, pembe yake ya nyati iko kando ya kichwa chake, kijiti cha kuipigia kimelala kifuani, na ndani ya kofia kuna karatasi iliyokunjwa mara nne ambayo hataki hata ubavu wake uijue. Huyu ndiye mpiga mbiu wa Kwamsongo, na asiyeijua sauti yake basi si mtu wa mji ule. Ni mwaka wa pili wa vita vya Wazungu. Bomani humpa maneno mawili matatu, waambie mambo ni mazuri, naye huyaunga nazi mwenyewe: vijana wetu wako mahandakini wanastarehe, handaki ni nyumba ya chini yenye ubaridi wa mtungi, wali asubuhi, nyama jioni, adui akiona vivuli vyao anatupa bunduki. Hajapata kuliona handaki. Lakini akisema, watu hutabasamu na vijana hujiandikisha, na hata Tambwe, mume wa bintiye wa pekee Mwanahamisi, alijiandikisha kwa maneno hayohayo, tena kwa kusukumwa begani na mkwewe.

Sasa hiyo karatasi. Karani wa boma amempa asubuhi, ina majina sita ya waliokufa, na amri yake ni moja, usiyataje mpaka mkutano wa leo alasiri uishe na vijana wapya wawe wameshatia dole gumba. Hapo ndipo penye kazi. Kwamsongo, kwa ada ya tangu mababu, msiba hutangazwa kwa mbiu: kwanza mapigo, pigo moja kwa kila maiti, mji mzima ukihesabu kimya, halafu majina. Mbiu isipolia hakuna matanga, hakuna hitima, na mjane haanzi eda, anaendelea kupika na kungoja. Mwinchande ameyasoma majina yote sita, Tambwe hayumo, akashusha pumzi, akala, akalala. Mtu mzima anajua wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza, anajiambia, na macho yanafumba.

Ukili wa mkeka unafumuka chini ya mgongo wake, unanyooka, unakuwa njia, naye yuko juu yake anatembea, pembe mkononi, na njia inakwenda inakwenda, inapinda inarudi palepale ilipoanza, kisha inakwenda tena. Mbele yake yuko mtu amevaa kofia ya askari, na chini ya kofia hamna uso, pamelala ngozi tupu kama chungu ambacho hakijachorwa. Gotini amefunga kipande cha leso chenye pindo jekundu. Mwinchande haogopi, yeye haogopi mtu, anauliza, Njia hii inakwenda wapi, bwana? Yule anajibu, Kitendawili. Mwinchande anacheka, maana kwa vitendawili nani atamshinda, anasema, Tega. Nyumba yangu nimeijenga kwa kuchimba, mwenyeji halali na mgeni hatoki. Mwinchande anasema kisima, siyo, anasema shimo la panya, siyo. Basi nipe mji, anasema asiye na uso, kama watoto wanavyosema, na Mwinchande anatoa mji wa kwanza unaomjia ulimini, nakupa ule wa mahandakini nilioutangaza sokoni. Palepale mji unasimama mbele yao. Ni mji wenyewe, wa maneno yake, nao umegeuzwa kama sura kwenye kioo, mlango wa kulia uko kushoto, vitanda vya kamba vimetandikwa safu kwa safu, sufuria zinatoa mvuke, na kila ukutani pamebandikwa picha ya askari aliyenona anacheka. Unaona, anasema Mwinchande, kifua mbele, sikusema uongo. Anafunua sufuria ya kwanza, ni matope. Ya pili ni matope. Anaketi kitandani, kamba zinaachia, na kitanda, na mji, na picha zinazocheka, vyote vinazama naye mpaka mvua inampiga usoni.

Hapa ndipo nyumba ya chini. Ni mfereji, upana wake mtu na nusu, maji yamefika magotini na panya wanaogelea bila haraka, wamezoea. Ukuta unataka kubomoka na umezuiwa kwa mifuko ya mchanga, na mifuko ilipokwisha umezuiwa kwa watu, mkono umechomoza udongoni na wanaopita wanautundikia vibuyu vyao vya maji. Juu risasi zinapasua hewa. Kunanuka, Mungu anisamehe, kunanuka choo na vidonda na mahindi yaliyooza. Na wamekaa humo safu, anawajua, ni watoto wa Kwamsongo. Uledi, aliyekuwa fundi wa paa za makuti, anamnyooshea kopo la matope. Shikamoo mzee, karibu wali wa nazi. Wenzake wanacheka, na kicheko chao kinaishia kwenye kikohozi. Mwinchande anaitikia marahaba. Feruzi, ambaye mguu wake mmoja umebaki kiatu tu, anasema bila hasira, Mzee, mbona hatujaisikia mbiu yetu? Mke wangu kila siku ananifunikia chakula, mimi nauona ule mfuniko kutoka huku, naumia. Songoro anasema, Wangu anauliza wapita njia. Mshangama anasema, Mama yangu amenifulia kanzu ya Idi. Na Mlekwa, na Kibwana, hao ni sita, karatasi yake yote iko mbele yake imelowa. Anajisikia mchafu kwa mara ya kwanza katika kazi yake, na analia, haoni haya. Nitapiga, anasema. Wallahi nikirudi napiga, mapigo sita.

Saba, anasema asiye na uso nyuma yake. Kitendawili. Mwinchande anasema tega, kwa sauti ndogo. Nimekula kwako, nimeoa kwako, umenituma mwenyewe, na sasa hunitaji. Jibu analijua. Analijua tangu alipoiona ile leso, maana pindo lile ni la leso ya bintiye, lakini akilitoa limekuwa kweli, na yuko Mwanahamisi nyumbani anayemshonea mumewe kofia, ameshafika ukingoni. Sijui, anasema Mwinchande, bingwa wa maneno. Basi nipe mji. Na kwa kulikimbia jina moja anatoa alichobaki nacho, anasema, Chukua Kwamsongo.

Anaamka. Adhana ya alasiri inamalizika. Mkeka uko mzima, ukili haujafumuka, kofia iko palepale, na karatasi ina majina sita, anahesabu mara mbili. Ndoto ya papa mkavu, anajiambia, lakini miguu tayari inakwenda sokoni na haendi kinyonge, anapasua watu kama siku zote. Karani yuko mezani, vijana wamepanga foleni, dole gumba la kwanza limeshachovywa wino. Mwinchande, anasema karani, waambie mambo ya mahandakini. Ndiyo hayo ninayokuja kuyasema, anajibu, na anainua pembe. Anapiga. Soko linanyamaza, maana pigo la msiba linajulikana. Moja, mbili, midomo ya wanawake inahesabu, tano, sita, na mkono, ambao haujakosea hesabu miaka thelathini, unapiga la saba. Anayataja majina kwa sauti yake yote, Uledi, Feruzi, Songoro, Mshangama, Mlekwa, Kibwana, na anaongeza kwamba hakuna wali, kuna matope, na kitanda hakuna. Vilio vinapanda. Kijana aliyechovya dole anafuta wino kwenye shuka yake na kuondoka mezani. Karani anapiga kelele, hakuna anayemsikia.

Lakini Mwanahamisi amesimama mbele yake, halii. Baba, umepiga saba. Mwanangu, nilikuwa usingizini. Umepiga saba, baba, umetaja sita. Mwinchande anasema, Miaka miwili nimewatangazia nisiyoyaona, leo nimepiga niliyoyaona ndotoni, sijui lipi kosa. Mwanahamisi anauliza polepole, Alikuwa amefunga nini gotini? Hilo hakuna aliyeambiwa, aliichana leso yake mlangoni alfajiri ya safari, akamfunga mumewe, wakiwa wawili tu. Mwinchande anajibu, Leso. Pindo jekundu.

Binti anakaa chini mchangani, anajifunika kichwa. Mwinchande anainua macho atafute mtu wa kumsaidia kumwinua, na kote sokoni, kwenye foleni, mezani kwa karani, haoni uso hata mmoja, ni ngozi tupu chini ya kofia na vilemba. Huenda ni machozi. Huenda mji alishautoa na hajaamka bado. Iwe huku au kule, kitendawili bado hakijajibiwa, kazi yake ni moja na anaijua. Anajaza kifua, anasema, Tambwe, sauti inafika mashambani, kisha anangoja nyuso zirudi.